Dirisha bila puti: kisa cha nyumba moja ya Mji wa Kale, Mombasa

Kisa hiki kinahusu madirisha kumi na mawili na swali moja: kioo kitashikwaje kwenye mbao bila puti, ile gundi laini inayokandwa kwenye ukingo wa kioo, katika mji wenye chumvi hewani na mvua inayopiga ubavuni? Majina nimeyaondoa, mtaa siutaji, na mambo machache ya nyumba nimeyabadilisha ili isitambulike. Vipimo vya mbao na kioo nimeviacha vilivyo, kwa sababu fundi atakayesoma haya ndivyo atakavyovihitaji.

Nyumba na watu wake

Nyumba ni ya kale, ya ghorofa moja, kuta nene za mawe ya matumbawe zilizopigwa chokaa. Uso wake umeelekea mkondo wa bahari, kwa hiyo kuanzia Aprili hadi Septemba upepo wa kusi huipiga kifuani. Madirisha ya juu yana mabawa mawili kila moja, yaani vipande viwili vinavyofunguka, na kila ubawa una kioo kimoja cha milimita 420 kwa 900. Chini kuna baraza ya mawe ambapo watoto wa jirani huketi alasiri wakingoja kuingia chuoni kusoma Kurani.

Mwenye nyumba ni mwalimu mstaafu, mjane. Sote tunamwita Bi Mkubwa. Katika muda wa miaka sita alikuwa amelipa mafundi mara tatu kutia puti upya madirisha ya mbele. Mara ya tatu haikumaliza hata miaka miwili.

Niliitwa mimi kuchora, na kazi ya mbao akapewa seremala mmoja mtu mzima ambaye sote twamwita Ami. Ana karakana ndogo, randa aliyorithi kwa babake, na mkono ambao sijaona mfano wake mjini.

Kioo kilichoanguka

Ilikuwa Juni, siku ya upepo, baada ya Magharibi. Kioo kizima kilichomoka kwenye ubawa wa juu kikaangukia baraza. Watoto walikuwa wamekwisha ondoka nusu saa kabla. Hakuna aliyeumia, lakini Bi Mkubwa hakulala usiku ule, na asubuhi akapiga simu.

Nilipopanda kuangalia, puti iliyobaki ilikuwa ngumu kama jiwe na imeachana na mbao. Niliweza kuingiza ncha ya kisu kati yake na kidato, yaani ile ngazi ndogo iliyochongwa kwenye mbao ambapo kioo hukaa. Vijisumari vilivyopaswa kukishika kioo chini ya puti vilikuwa vimeliwa na kutu hadi vikabaki alama za rangi ya kahawia.

Sababu zilikuwa zaidi ya moja, na nazieleza kwa sababu mara nyingi puti hulaumiwa kwa makosa ya watu. Puti ya kawaida ni unga wa chaki uliokandwa kwa mafuta ya kitani. Haikauki kama tope linavyokauka. Mafuta yale huungana na oksijeni ya hewa polepole na kugeuka kitu kigumu. Ikitiwa juu ya mbao kavu isiyopakwa rangi ya kwanza, mbao huyanyonya mafuta na kuacha chaki tupu. Isipopakwa rangi ndani ya majuma machache, jua huiunguza. Na rangi yenyewe inatakiwa ivuke puti na kushika kioo kwa milimita mbili hivi, ili maji yasipate mlango. Mafundi wa mara ya tatu walikosea yote matatu: mbao ilikuwa tupu, rangi ilichelewa, na walipopaka waliikwangua kwenye kioo ili kazi ionekane safi.

Kwa hiyo ningeweza kumshauri Bi Mkubwa arudie puti, mara hii kwa utaratibu. Nilimwambia hivyo. Akaniuliza, "Na baada ya miaka kumi, mwanangu, nani atapanda ngazi kuipaka rangi kwa utaratibu huo? Mimi?" Hapo nikaelewa kwamba swali lake lilikuwa juu ya nani ataitunza nyumba yeye akizeeka zaidi, na jibu la swali hilo halimo ndani ya kopo la puti.

Njia zilizokataliwa

Alumini ilitajwa kwanza, maana kila fundi mjini anaiuza. Tuliiacha. Mji wa Kale ni eneo la urithi linalolindwa, sura ya nje haibadilishwi kiholela, na Bi Mkubwa mwenyewe hakutaka kusikia. Silikoni peke yake nayo tuliikataa. Ni puti ya jina jingine: siku kioo kikivunjika utaikata kwa wembe kipande kwa kipande, na ile inayonuka siki hutoa tindikali inapokauka, ikala chuma kilicho karibu.

Tukakubaliana: fremu za ukutani zibaki, maana mvule wake ulikuwa mzima, na tutengeneze mabawa mapya ambayo kioo kinaingia na kutoka bila kubandikwa kwa chochote.

Sampuli ya kwanza, ambayo ilikuwa kosa langu

Nilichora ubawa wenye mfereji pande zote nne. Upana wa mfereji ulikuwa milimita 5 kwa kioo cha milimita 4, kina milimita 10. Mti wa juu ungefunguliwa kwa skrubu mbili, kioo kikateremshwa kama ubao wa sanduku la mfuniko wa kusukuma, kisha mti ukarudishwa. Hakuna puti, hakuna kijiti cha kubana, hakuna mpira. Niliupenda mchoro ule kwa sababu ulikuwa mwepesi, na nadhani ndio ulionizuia kusikia.

Ami aliutazama kwa muda, akaweka kidole kwenye mti wa chini. "Na maji yakingia humu, yatoke wapi?"

Nikamjibu mfereji umebana, maji hayatapata nafasi ya kuingia. Hakubishana. Alitengeneza mabawa mawili kama nilivyochora, tukayafunga Julai kwenye dirisha la pembeni lililo wazi zaidi kwa upepo.

Kusi ikaanza kutupa majibu juma lile lile. Kioo kilikuwa na nafasi ya nusu milimita kila upande, na usiku kilipiga meno. Bi Mkubwa aliingiza vipande vya karatasi ili apate usingizi. Oktoba mvua za vuli zikaja. Mwishoni mwa Novemba tuliyashusha mabawa yote mawili tukayafungua. Mfereji wa chini ulikuwa na maji ndani, maji ya kuonekana, na mbao imelainika kiasi cha kukwaruzika kwa ukucha. Ubawa mmoja ulikuwa na ufa uliopanda kutoka pembe ya kioo. Tulipokitoa tukaona pembe ile ilikuwa imekalia kipande cha mbao kigumu kilichobaki wakati wa kuchonga. Uzito wa kioo, karibu kilo 3.8, ulikuwa umesimama juu ya ncha moja.

Puti ilikuwa ikifanya nini

Desemba sikuchora kitu. Nilikaa na vile vipande viwili vilivyoharibika nikajaribu kuandika kazi zote ambazo puti ilikuwa ikizifanya bila sisi kuziona.

Inashika kioo kisichomoke. Inaziba maji na upepo. Inalala kati ya kioo na mbao kama godoro, kiasi kwamba kioo hakigusi kitu kigumu. Inasamehe makosa: kidato kikiwa kimepinda, puti hujaa palipo na pengo. Na kwa kuwa inajaza nafasi yote kwa mteremko, haiachi shimo la maji kutuama. Mimi nilikuwa nimeiondoa puti na kuipa mbao kazi ya kwanza tu. Zile nyingine nne hazikuwa na mwenyewe.

Ile kazi ya kusamehe ina historia yake. Vioo vya kale vya nyumba ile vina mawimbi, na unene wake tulioupima ulipishana hata ndani ya kioo kimoja. Kioo cha bapa cha leo hutengenezwa kwa kumwaga kioo kilichoyeyuka juu ya bati iliyoyeyuka, njia ambayo kampuni ya Pilkington ya Uingereza iliitangaza mwaka 1959, na unene wake ni sawa toka pembe hadi pembe. Ukanda wa mpira unaweza kukibana kioo cha namna hiyo. Kioo chenye mawimbi unakibana hapa, pale unakiachia.

Jambo jingine lilitoka kwenye hesabu, na lilinishangaza. Nilidhani adui ni kioo kutanuka juani. Kioo cha urefu wa milimita 900 kikipanda joto kwa nyuzi 30 huongezeka robo ya milimita tu. Lakini mti wa ubawa wenye upana wa milimita 70, ukinywa unyevu wa masika na kukauka wakati wa kaskazi, unaweza kutembea milimita nzima kwa upana wake. Kinachohama ni mbao. Kioo kinatakiwa kiachiwe nafasi ya kuhamiwa.

Sampuli ya pili

Swali la kwanza lilikuwa kijiti cha kubana, ambacho karakana zetu hukiita bidingi, kikae nje au ndani. Kikiwa nje, kidato cha chini kinaweza kuteremka moja kwa moja kuelekea barabarani na maji hayana pa kutuama. Lakini mwizi naye anahitaji bisibisi tu. Na kubadilisha kioo lazima upande ngazi barabarani. Kikiwa ndani, usalama unapatikana, na kazi ya kubadilisha hufanywa ukiwa umesimama chumbani. Hasara yake ni kwamba mdomo wa nje wa mbao unageuka kuwa ukuta wa birika: maji yanayopita kando ya kioo yanakwama nyuma yake.

Tulichagua ndani, kwa sababu ya yale maneno ya Bi Mkubwa kuhusu ngazi. Uamuzi huo ukatulazimisha kujibu swali la Ami. Jibu lilikuwepo zamani. Uingereza, katika karne ya 19, mapaa ya vioo ya stesheni za reli yaliwekwa kwa mifumo isiyotumia puti, na vyuma vyake vilikuwa na vijifereji chini ya kioo. Walioibuni hawakujaribu kulizuia kila tone. Waliliacha lipite, wakalipokea, wakalipeleka nje. Nilipomweleza Ami alitikisa kichwa tu. Alikuwa amekwisha niambia.

Ubawa wa pili ulikuwa hivi. Kidato chenye kimo cha milimita 15, kioo kikifunikwa milimita 10 na kuachiwa milimita 5 za hewa pande zote. Chini, kioo hakikugusa mbao: kilisimama juu ya vikalio viwili vya mpira mgumu, kila kimoja kwenye robo ya upana kutoka pembeni, mbali na pembe. Sakafu ya kidato ilichongwa kwa mteremko wa kwenda nje, na mdomo wa nje ukatobolewa vitundu vitatu vya kutolea maji. Ami alianza na vitundu vya milimita 4. Tulipomwaga maji, yalisimama ndani ya kitundu kama yaliyogandamana, hayakushuka. Tukapanua hadi milimita 8, yakatoka. Chini ya ubawa, upande wa nje, tulichonga mfereji mwembamba ili tone linalotambaa kurudi ukutani likatike na kudondoka.

Mpira wa kukibana kioo pande zote mbili ulitusumbua. Ami alipendekeza vipande vya tyubu ya gari, ambavyo ni rahisi kupata, lakini unene haukuwa sawa na kioo kikakaa upande. Mipira mingi ya bei nafuu hupasuka ufa kwa jua na ozoni. Tukaenda kwa wauzaji wa alumini tukanunua ukanda wa EPDM, aina ya mpira unaovumilia jua na ozoni, ule ule wa madirisha yao, wa milimita 3. Nafasi ya kioo na mipira miwili ilikuwa milimita 8, kwa hiyo kila mpira ulibanwa hadi milimita 2. Kubana huko ndiko kulikonyamazisha kelele.

Bidingi ilifungwa kwa skrubu za chuma kisichoshika kutu, daraja 316, kila baada ya milimita 150. Daraja hilo lina molibdenamu na huvumilia chumvi kuliko daraja la kawaida la 304. Nguvu niliipima hivi: upepo wa mita 30 kwa sekunde, nilioutumia kama kipimo cha kujihadhari, huleta msukumo wa paskali 550 hivi. Kwenye kioo cha ukubwa ule ni kama kuegemezwa mzigo wa kilo 21. Upepo ukisukuma, bidingi ndiyo inayobeba. Upepo ukivuta, kama ulivyovuta siku ya Juni, mbao nzima ya mdomo wa nje ndiyo inayobeba, pale palipokuwa na puti na vijisumari vilivyooza.

Tuliulaza ubawa mmoja kwenye fremu karakanani, tukaumwagia maji kwa mpira wa bomba nusu saa, Ami akiwa upande wa pili na tochi. Ndani palikuwa pakavu. Kwenye vitundu maji yalikuwa yakitoka kwa mwendo wa taratibu, na mzee aliinama akayatazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kufunga, na madirisha mawili tuliyoyaacha

Kazi ilikwisha kabla ya masika. Madirisha kumi yalipata mabawa mapya. Mawili, yenye vioo vyenye mawimbi ambavyo marehemu mume wa Bi Mkubwa alivipenda, tuliyaacha na puti, safari hii kwa rangi ya kwanza, kwa subira na kwa rangi iliyovuka hadi kwenye kioo. Sioni kuwa tulirudi nyuma. Kioo kile kinaitaka puti.

Matokeo

Masika ya kwanza, ikiwemo Mei ambao ndio mwezi wa mvua nyingi zaidi hapa, vyumba vilibaki vikavu isipokuwa pembe mbili zilizotoa unyevu. Tulipofungua tukakuta mpira umejikunja na kuacha pengo la milimita 3 pembeni. Kijana aliyeufunga aliuvuta ili unyooke, nao ukarudi kwenye urefu wake. Tuliukata upya, mrefu kuliko pande zake kwa milimita chache, na kuusukuma ndani badala ya kuuvuta.

Agosti mpira wa watoto ulivunja kioo kimoja. Kubadilisha kulichukua dakika ishirini, bila ngazi. Bi Mkubwa alisimama pale akihesabu skrubu moja moja zinavyotoka.

Gharama ya kila ubawa ilifika karibu mara mbili ya ule wa puti. Nilimwambia tangu mwanzo, na yeye akalinganisha na malipo ya mara tatu aliyokwisha kulipa.

Kisha Idi ya mwaka uliofuata ikakaribia, na nyumba ikapakwa rangi kama desturi. Fundi wa rangi, kijana mwenye bidii na nia njema, aliona vitundu vitatu kwenye kila ubawa. Akavidhania ni kasoro ya mbao. Akaviziba, vyote sitini vya mabawa ishirini, kwa puti, akapiga msasa na kuvifunika kwa rangi safi kabisa. Pia alipaka rangi ya mafuta juu ya mpira, na tapentaini iliyomo huuvimbisha mpira wa namna hiyo. Masika yalipofika, mabawa manne yalivimba chini na hayakufungika.

Uchambuzi

Kilichofaulu ni kugawa kazi. Bidingi na mdomo wa mbao vinashika, mpira unaziba na kutuliza, vikalio vinabeba uzito, vitundu vinatoa maji. Kikiharibika kimoja unakijua na unakibadilisha hicho. Puti ilibeba yote kwa pamoja, na ilipoachia iliachia yote kwa jioni moja.

Sampuli ya kwanza ilianguka kwa sababu nilijenga juu ya dhana kwamba maji hayataingia. Fundi mwenye uzoefu wa miaka mingi aliniuliza swali sahihi na mimi nikalijibu kwa mchoro. Laiti tungemwaga maji kwa mpira wa bomba Julai, tungelijua siku ile ile, badala ya kumkosesha Bi Mkubwa usingizi miezi mitano. Kipimo cha nusu saa sasa ni sharti langu kwa kila ubawa wa mfano, kabla haujapanda ukutani.

Kosa la Idi simtwiki kijana wa rangi. Tulimwachia nyumba yenye sehemu ambayo hajawahi kuiona popote, na hatukumwachia neno. Shimo kwenye mbao, kwa kila fundi aliyefunzwa vizuri, ni kitu cha kuzibwa. Tulipaswa kulifanya lionekane limekusudiwa. Kwenye mabawa manne tuliyoyatengeneza upya Ami alichonga vitundu virefu kama mlango mdogo, vyenye ukingo uliopigwa nakshi nyembamba, na ndani ya kila mdomo tukaweka kipande cha bomba la shaba ya njano kinachochomoza kidogo. Yale mabawa kumi na sita mengine tulivizibua vitundu kwa keekee, mpira uliovimba tukautoa, tukaweka mpya.

Ndani ya kabati la dirisha la kwanza tumebandika karatasi ya mkono wa Bi Mkubwa mwenyewe, hati ya mwalimu, inayosema vitundu visizibwe na mpira usipakwe rangi. Kila mwisho wa Machi mjukuu wake hupewa chelewa moja iliyochomolewa kwenye ufagio, akapita dirisha kwa dirisha akiingiza katika kila kitundu, na bibi yake nyuma akimwaga maji kwa birika kuona yanatoka.